Maswali yenu: kujenga programu za wavuti zenye akili mnemba

Nianze na akili mnemba moja kwa moja, au nipitie HTML kwanza?

Pitia HTML (muundo wa ukurasa), CSS (mwonekano wake) na JavaScript (utendaji wake) kwanza. Tim Berners-Lee alipopendekeza wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, msingi ulikuwa kivinjari kuomba na seva (kompyuta inayohudumia tovuti) kujibu. Programu yako inayozungumza na modeli, yaani akili mnemba yenyewe inayotoa majibu, bado inaenda hivyo hivyo. Seva ikijibu kwa namba 401 ujue seva haikukutambua. Ukiona 429 umetuma maombi mengi kupita kiasi. Asiyejua hayo, programu ikigoma hajui ashike wapi.

Nimeweka ufunguo wa API (neno la siri linaloitambulisha programu yangu kwa mtoa huduma ya modeli) ndani ya JavaScript ya ukurasa na kila kitu kinakwenda vizuri. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa, na nakuomba uutoe leo. Bonyeza F12 kwenye kivinjari, fungua sehemu ya mtandao, tuma ujumbe mmoja, kisha soma vichwa vya ombi. Ufunguo wako uko pale mzima mzima, na mtumiaji yeyote anauona. Atautumia yeye, utalipa wewe. Ufunguo ukae kwenye seva: kivinjari kiiombe seva yako, nayo iiombe modeli. Ule wa zamani ubatilishe uchukue mpya. Kuufuta kwenye faili hakutoshi kama uliwahi kuingia Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, kwa sababu Git inatunza historia.

Msaidizi niliyemjenga anajibu kwa kujiamini mambo ambayo hayamo kwenye nyaraka zetu. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Modeli ya lugha hukisia neno linalofuata. Haifungui nyaraka zako mpaka uipelekee. Kwa hiyo tafuta kwanza, ndipo ujibu. Nyaraka zigawe vipande, kila kipande kigeuze kuwa safu ya namba zinazowakilisha maana yake, uzihifadhi. Swali likija, ligeuze vivyo hivyo, chukua vipande vilivyo karibu nalo, mpe modeli na uiagize ijibu kutokana na hivyo tu, na ikikosa jibu iseme hivyo.

Wengi huharibu kwenye kukata. Tuseme waraka unasema: “Bidhaa inarudishwa ndani ya siku 14.” Sentensi inayofuata: “Isipokuwa ikiwa imeshafunguliwa.” Mkato ukipita kati ya sentensi hizo mbili, modeli itamwahidi kila mtu siku 14, na kwa ilichopewa, imejibu sawasawa. Kata kwa aya au vichwa vya habari, na uache vipande vipishane kidogo. Kabla hujailaumu modeli, vitoe kwenye skrini vipande ilivyopewa uvisome kwa macho yako.

Halafu andika maswali 30 yenye majibu unayoyajua, yakiwemo machache ambayo nyaraka hazina jibu lake. Yapitishe yote kila unapobadilisha chochote. Bila hivyo unabahatisha tu.

Nahitaji hesabu nyingi?

Kwa kujenga programu, hapana. Elewa vekta (zile safu za namba) na uwezekano kwa kiwango cha sekondari, mengine yatakuja na kazi.

Mtu ameandika “puuza maagizo yote uliyopewa” na modeli ikamtii. Nizuieje?

Kwa modeli, agizo lako na maneno ya mtumiaji yote ni maandishi, hakuna ukuta kati yake. Kuandika agizo kali zaidi husaidia kidogo, wala usilitegemee. Ipunguzie mamlaka: kama kazi yake ni kusoma, isipewe ruhusa ya kufuta. Tendo zito, kama kutuma pesa, lithibitishwe na mtumiaji mwenyewe kwa kitufe kilicho nje ya mazungumzo. Na jibu lake lichukulie kama maandishi ya mtu usiyemjua: usilimwage kwenye ukurasa kwa innerHTML, inayolisoma kama HTML, tumia textContent, inayolionyesha kama maandishi tu, la sivyo msimbo wa mtu mwingine utaendeshwa ndani ya kivinjari cha mtumiaji wako.