Wasomaji Wauliza: Vigari vya Mfano

Nina Datsun 240Z ya Safari Rally, kipimo cha 1:43 (ndogo mara 43 kuliko gari halisi). Tairi zimenata kwenye kitako cha plastiki na kukitoboa vishimo. Ni joto? (Msomaji, Tanga)

Joto linachochea tu; chanzo ni tairi zenyewe. Tairi laini za vigari vingi ni plastiki ya PVC iliyochanganywa na mafuta ya kuilainisha. Miaka ikipita mafuta hayo huvuja kidogo kidogo, na yakigusa polistairini, plastiki inayotumika sana kwenye vitako, huiyeyusha. Itazame kwa lenzi: mara nyingi utakuta hata alama za kashata za tairi zimechapwa humo.

Usiivute gari kwa kushika paa. Ekseli itapinda na vioo vya pembeni vitakatika. Fungua kwanza skrubu za chini ya kitako, kisha pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya kila tairi, ukiuvuta huku na huku kama msumeno, taratibu. Osha tairi kwa maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya vyombo na mswaki laini wa mtoto. Tina na spiriti viweke mbali kabisa, maana vinaondoa stika za mashindano, na gari ya Safari bila stika zake imepoteza nusu ya thamani.

Kabla ya kuirudisha, kata vipande vinne vya karatasi ya alumini ya jikoni, kama milimita 4 kwa 8, uviweke chini ya tairi. Ukitazama kwa mbele havionekani.

Kigari changu cha chapa ya Dinky, cha kabla ya Vita Kuu ya Pili, ina nyufa nyembamba, na boneti imevimba. Nizibe kwa pati nipake rangi upya? (Msomaji, Mombasa)

Usizibe. Huo ni ugonjwa wa zinki. Bodi ilimiminwa kwa aloi ya zinki, na kama risasi kidogo tu iliingia kwenye mchanganyiko kiwandani, unyevu hupenya katikati ya chembe za metali na kuila kutoka ndani. Metali hutanuka, rangi hupasuka, mwishowe kipande humeguka mkononi. Pati itasukumwa nje kwa sababu metali bado inatanuka. Dawa hakuna, na inauma kusema hivyo kuhusu gari la miaka themanini na zaidi, ila unaweza kuichelewesha: kabati kavu, mbali na dirisha, vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, na kipima unyevu kisizidi asilimia 50. Silika ya bluu ikigeuka waridi, ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu. Gari zako nyingine ziko salama, ugonjwa huu hauambukizi.

Nitajuaje kipimo kilichoandikwa kwenye boksi ni cha kweli? (Msomaji, Nakuru)

Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia milimita kwa usahihi) umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma. Datsun 240Z halisi, gari iliyoshinda Safari mwaka 1971 na 1973, ina milimita 2,305. Gawanya kwa 43 upate 53.6. Ukikuta 52 au 55, bodi imepunguzwa au kuvutwa. Urefu mzima usiutegemee sana, kwa kuwa bampa na taa za ziada za rali huuongeza.