Kwa Nini Pershing Hakumkamata Pancho Villa?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba mwaka 1916 jeshi la Marekani liliingia Meksiko kumsaka Pancho Villa likarudi mikono mitupu. Jeshi lenye ndege na magari lilishindwaje kumpata mpanda farasi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, Villa, kiongozi wa wapiganaji katika Mapinduzi ya Meksiko, hakuwa adui wa Wamarekani tangu mwanzo, kwani kwa muda mrefu alinunua kwao silaha. Uhasama ulizuka Oktoba 1915, Rais Woodrow Wilson alipoitambua serikali ya Venustiano Carranza, hasimu wa Villa, kisha akawaruhusu askari wa Carranza kupita kwa reli katika ardhi ya Marekani ili kuulinda mji wa Agua Prieta, ulio Meksiko mpakani, ambako Villa alishindwa vibaya mwezi uliofuata. Tarehe 9 Machi 1916, kabla ya mapambazuko, wapiganaji wake wapatao 500 waliuvamia mji wa Columbus, New Mexico, wakaua Wamarekani wasiopungua 17, raia wakiwamo. Hakuna dhuluma ya kisiasa inayohalalisha mauaji hayo ya raia.

Siku sita baadaye Jenerali John Pershing alivuka mpaka, akiongoza msafara uliokuja kufikia askari wapatao 10,000. Ndege zake nane hazikuwa na nguvu za kutosha kuruka juu ya milima ya Chihuahua, na katika muda wa wiki chache zote zilikuwa hazifai tena. Villa mwenyewe, aliyejeruhiwa mguu mwishoni mwa Machi akipigana na askari wa Carranza, alifichwa pangoni, na wanavijiji wengi hawakuwa tayari kumwonyesha mgeni njia.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, sababu kubwa zaidi ni kwamba Carranza, ambaye angefurahi kumwona Villa amekamatwa, hakuweza kukubali jeshi la kigeni liranderande nchini mwake. Alilizuia kutumia reli kwa uhuru, na tarehe 21 Juni, huko Carrizal, Wamarekani walijikuta wakipigana na jeshi la serikali badala ya watu wa Villa, nao wakashindwa. Baada ya hapo Pershing alibaki kambini huku serikali mbili zikijadiliana, wakati Villa, akiwa amepona, alikusanya wafuasi wapya na mwezi Septemba akaushambulia mji wa Chihuahua wenyewe.

Askari wa mwisho wa Pershing waliondoka tarehe 5 Februari 1917. Villa aliweka silaha chini mwaka 1920 kwa makubaliano na serikali ya Meksiko, na waliomuua kwa risasi mjini Parral, tarehe 20 Julai 1923, walikuwa Wameksiko wenzake.