Kwa nini video huganda mikononi mwa DJ, na namna ninavyoandaa mafaili yangu hapa Mwanza

Ndugu uliyeuliza kutoka Geita, umeeleza kwamba umenunua laptopu iliyotumika, kwamba video zako hucheza vizuri zikiachwa ziende zenyewe lakini huganda kila unaporukia kiitikio au unaposkrachi, na kwamba wenzako wamekushauri ama uzigeuze zote ziwe H.265 ili uokoe nafasi, ama utafute za 4K ili picha iwe kali. Nimepiga muziki wa video katika kumbi za Kirumba, Nyakato na Capri Point tangu mwaka 2014, na mashauri hayo yote mawili niliwahi kuyafuata, nikapata hasara mbele ya watu walionilipa. Ninachokiamini leo ni kwamba faili la DJ huchaguliwa kwa kuangalia mkono wako utalifanyia nini usiku huo, na litapita njia gani kutoka kwenye diski hadi kwenye skrini. Ukubwa wa faili na ukali wa picha huja baada ya hayo mawili.

Naomba kwanza tutenganishe vitu ambavyo huchanganywa mno. MP4, MOV, MKV na AVI ni makasha tu ya kubebea picha na sauti pamoja, ilhali H.264, H.265, ProRes au HAP ni kodeki, yaani namna picha yenyewe ilivyobanwa ndani ya kasha hilo. Mtu akikwambia kwamba programu yako haipendi MKV, mara nyingi inatosha kuhamisha kilichomo kwenda katika kasha la MP4 bila kukibana upya. FFmpeg, programu ya bure ya kugeuza video kwa maagizo ya kuandika, hufanya hivyo kwa sekunde chache ukiipa agizo la -c copy, na picha haipungui hata chembe. Nimeona vijana wakikesha wakibana upya nyimbo mia tatu kwa kazi ambayo ingeisha kabla chai haijapoa, tena wakaharibu picha, kwa sababu kila kubana upya huondoa kitu kisichorudi.

Sasa nije kwenye kuganda. H.264, ambayo ilikamilishwa mwaka 2003 na bado ndiyo inayobeba video nyingi za muziki, hupata udogo wake kwa kutohifadhi kila picha kwa ukamilifu. Huweka fremu moja kamili (fremu ni picha moja kati ya zile zinazopita kila sekunde), kisha kwa fremu zinazofuata huandika tu yale yaliyobadilika. Pleya ikitaka kukuonyesha fremu ya katikati, hailazimiki kurudi mwanzo wa wimbo, lakini ni lazima irudi kwenye fremu kamili iliyotangulia na kuzifungua zote zilizo kati. Fikiria daladala inayosimama vituoni pekee, nawe unakwenda nyumba iliyo kati ya Buzuruga na Igoma: unashuka kituo kilicho kabla ya nyumba, kisha unatembea. Vituo vikiwa karibu, hutembei sana. Programu ya x264, ambayo imetumika kubana video nyingi tunazocheza, isipopewa maelekezo mengine huruhusu hadi fremu 250 kati ya kituo na kituo, na kwa video ya fremu 25 kwa sekunde hizo ni sekunde 10 nzima. Huo ndio mwendo ambao laptopu yako inaweza kulazimika kuutembea kwa kukimbia kila unapobonyeza alama ya kyu, yaani mahali ulipoweka tayari pa kurukia. Ukirudisha nyuma ni kazi kubwa zaidi, kwa kuwa ili kuonyesha fremu iliyotangulia inalazimika ama kurudia safari ileile tangu kituoni, ama kuziweka fremu zote kwenye kumbukumbu na kuzimimina kinyumenyume.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa H.265 haukufai kwa laptopu hiyo. Kodeki hiyo iliidhinishwa mwaka 2013, na ni kweli kwamba hubana zaidi kwa ubora uleule, lakini kuifungua ni kazi nzito zaidi, na prosesa za Intel zilianza kuwa na sehemu maalumu ya kuifungua kikamilifu katika kizazi cha 6, zilizotoka mwaka 2015, huku kufungua video za H.265 za biti 10, zenye ngazi nyingi zaidi za rangi, kukisubiri kizazi cha 7. Laptopu nyingi zilizotumika ambazo nimezikuta madukani hapa mjini ni za kizazi cha 4 na cha 5. Katika mashine ya namna hiyo, mzigo wote huangukia viini vya prosesa vinavyohudumia pia sauti, kontrola na michanganyo. Mwaka 2016 niligeuza maktaba yangu yote kuwa H.265, nikafurahi kwamba diski imebaki nusu tupu. Wiki tatu baadaye, katika harusi moja, bwana na bibi harusi walipokuwa mlangoni, MC aliomba nirukie kiitikio moja kwa moja, nami nikabonyeza. Sauti iliendelea, lakini sura ya msanii iliganda ukutani kwa sekunde kadhaa huku maharusi wakipita mbele yake na kamera zikirekodi. Picha hiyo iliyoganda imo katika kanda ya harusi yao mpaka leo, na sijaacha kuiona kuwa ni deni.

Dawa ya kwanza, ambayo kwa kazi nyingi za harusi, sendofu na baa inatosha kabisa, ni kubaki na H.264 na kusogeza vituo karibu. Kwa FFmpeg ninatumia -g 12 au -g 15, ili kituo kiwe kila nusu sekunde hivi, naongeza -bf 0 ili kuondoa fremu zinazotegemea hata zile zinazokuja mbele yake, na -tune fastdecode, ambayo huacha baadhi ya mbinu za kubana zinazochosha prosesa wakati wa kufungua. Kipimo cha ubora nakiweka -crf 18 hadi 20; namba ikiwa ndogo picha huwa bora na faili huwa kubwa. Sauti siibani upya kamwe, naihamisha ilivyo kwa -c:a copy, kwa kuwa watu huvumilia picha yenye ukungu kidogo lakini hawavumilii besi iliyochakaa. Faili la wimbo wa dakika 4 hutoka likiwa kubwa kuliko lile la mwanzo. Kwa wastani wa megabiti 10 kwa sekunde ni kama megabaiti 300, na kwa bei za diski za sasa sioni sababu ya kulilalamikia hilo.

Kwa wale wanaoskrachi picha kwa kweli, wanaoshika lupu za nusu pigo na kurudisha nyuma, jibu ni tofauti. Hapo kila fremu inapaswa kujitegemea. Unaweza kupata hilo ndani ya H.264 ileile kwa -g 1, na uzuri wake ni kwamba programu karibu zote za DJ huikubali. Au unaweza kutumia kodeki zilizoundwa kwa kazi ya jukwaani, kama DXV ya Resolume, programu ya kuchezea picha jukwaani, au HAP, ambayo Tom Butterworth aliitengeneza kwa VIDVOX na ikatolewa mwaka 2013. HAP huhifadhi kila fremu katika umbo ambalo kadi ya grafiki inalielewa moja kwa moja, hivyo prosesa karibu haina la kufanya zaidi ya kulisoma faili na kulipitisha. Nilipoijaribu mara ya kwanza nilirudisha wimbo nyuma kwa mkono, polepole kisha haraka, na picha ilinifuata kama kivuli. Sikulala usiku ule kwa furaha. Kabla ya kugeuza chochote, hakikisha programu unayoitumia inaicheza, na urefu na upana wa video ugawanyike kwa 4: 1920 kwa 1080 hupita, lakini ile 1366 ya skrini za laptopu nyingi haipiti. Tazama pia matukio ya giza linalofifia, kwa sababu HAP ya kawaida huyaonyesha kwa mabaka, na HAP Q iliyo bora zaidi huchukua nafasi maradufu.

Hata hivyo, mzigo ulioondolewa kwenye prosesa haupotei, huhamia kwenye diski, na hili nilijifunza Nansio, kisiwani Ukerewe. HAP hutumia biti 4 kwa kila nukta (pikseli) ya picha. Fremu ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, hivyo ni takribani megabaiti 1 kwa fremu, na kwa fremu 25 ni megabaiti 26 kila sekunde, kabla ya kubanwa kidogo kwa mwisho, ambako hutegemea picha yenyewe. Wimbo wa dakika 4 unaweza kufika gigabaiti 6, na ukiwa na diski iliyofomatiwa kwa FAT32 hautakubali hata kuingia, kwa kuwa mfumo huo haupokei faili linalozidi gigabaiti 4. Fomati kwa exFAT. Mwaka 2019 nilivuka ziwa kwenda Ukerewe na diski ya nje iliyojaa HAP, na laptopu niliyoazima baada ya yangu kuharibika ilikuwa na tundu za USB 2.0 pekee. Katika matumizi halisi tundu hizo hazipitishi zaidi ya megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde. Wimbo mmoja ulicheza bila tatizo, lakini kila nilipoanza kuchanganya, video mbili zilidai megabaiti 52, na picha zote mbili zikaanza kukwamakwama. Wazee wa Kikerewe na wageni wao wa Kisukuma walikuwa wamejiandaa kwa bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya majembe, majembe mkononi, nami nilimaliza usiku kwa kucheza sauti peke yake.

Niliporudi nilikaa na kalamu, na hesabu iliyoniokoa ilikuwa ya skrini. Paneli za LED tunazokodi hapa kwa sherehe za ndani mara nyingi ni zile za P3.91, zenye nusu mita kila upande na nukta 128 kwa 128. Ukuta wa mita 4 kwa mita 2.5 una paneli 8 kwa 5, yaani nukta 1024 kwa 640 tu. Video ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160, na karibu zote hutupwa kabla ya kufika machoni pa mtu, ilhali mashine yako imezifungua zote. Video ya 1280 kwa 720 inatosha ukuta huo na kubaki. Kwa HAP, ukubwa huo hudai megabaiti 11.5 kwa sekunde, mbili kwa pamoja 23, na hata ile tundu ya Nansio ingezipitisha. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa mwenye shughuli ni aina ya skrini na vipimo vyake, na ikiwa ni projekta ya zamani ya 1024 kwa 768, najua mapema kwamba 720 imetosha.

Kuhusu video ambazo wateja huleta, hapo ndipo umakini wako wote unahitajika. Zile zilizopita WhatsApp kama video ya kawaida huwa zimebanwa upya, basi omba zitumwe kama dokumenti. Za iPhone tangu iOS 11 ya mwaka 2017 mara nyingi ni H.265, na zile za miaka ya karibuni huweza kuwa za HDR, yaani zenye mwanga na rangi pana zaidi, ambazo kwenye skrini zetu hutoka zikiwa zimepauka usipozigeuza kwa uangalifu. Tena video za simu mara nyingi hazina kasi moja ya fremu, hupanda na kushuka, na ukizibadilisha tempo picha huachana na midomo. Nazilazimisha zote ziwe fremu 25 au 30 zisizobadilika, na kwa asiyezoea maagizo ya kuandika, programu ya HandBrake hufanya hivyo kwa kubofya tu. Ninamwambia mteja wazi kwamba kinachonifikia mkononi chini ya saa moja kabla ya shughuli kitachezwa mwanzo hadi mwisho bila kuguswa.

Usigeuze maktaba yote kwa mkupuo. Chagua kwanza zile nyimbo 40 au 50 ambazo mkono wako huzirukia kila wiki, zianzie kwenye nakala bora uliyonayo wala si kwenye faili lililokwisha kubanwa mara mbili, zibane kwa H.264 ya vituo vya karibu, 720, na uziweke kwenye SSD ya ndani ya laptopu. Kisha cheza mbili kwa pamoja kwa saa nzima huku ukirukaruka bila huruma, chaja ikiwa imechomolewa, kwa sababu laptopu nyingi hupunguza kasi ya prosesa zikiwa kwenye betri. Zikiendelea kuganda, andika hapa kizazi cha prosesa yako na aina ya diski, nitakaa nawe tupige hesabu.