Fremu inakukataa? Angalia unavyopita kwenye kona

Wanafunzi wa uhandisi wa sivil ninaokaa nao kusolvu maswali ya fremu (nguzo na bimu zilizoungana) wengi hawakwami kwenye riaksheni, yaani nguvu za pale fremu inapokalia, zile wanapata fresh tu, wanakwama pale nguzo inapokutana na bimu, mtu anabeba namba za nguzo anaingia nazo kwenye bimu vilevile zilivyo na kuanzia hapo kila kitu kinaharibika.

Tufanye moja mpaka mwisho. Nguzo mbili za mita 4, bimu juu mita 6. Chini kushoto A ni pini (haisogei ila inaweza kuzunguka), chini kulia D ni rola (inateleza pembeni). Bimu ina mzigo uliosambaa 10 kN/m (kilonewton kwa kila mita), alafu kona ya juu kushoto, B, inasukumwa kwenda kulia na 12 kN. Rola haizuii kitu kwenda pembeni kwahiyo 12 yote inazuiwa na A. Momenti (nguvu mara umbali) kuzunguka A ni 10×6×3 jumlisha 12×4, yaani 228, gawa kwa 6 unapata D ni 38 kN, na A inabaki na 22 kwenda juu.

Sasa kata nguzo ya kushoto chini kidogo tu ya B. Inagandamizwa na 22, shia (nguvu inayoikata kwa kukingama) ni 12, momenti 12×4 = 48. Hapa ndo nakuomba usikimbie, chora kona B peke yake kwenye karatasi, weka mishale yote. Ile 22 iliyokuwa inagandamiza nguzo ukishageuka kona inakuwa shia ya bimu, na shia ya nguzo inakutana na 12 ya nje zinauana, bimu haina aksiali (nguvu ya kufuata urefu wake) kabisa. Momenti yenyewe inapita hivyohivyo, 48, kwasababu hakuna momenti ya nje pale kona.

Kwenye bimu shia inafika sifuri mita 2.2 toka B, ndo penye momenti kubwa: 48 + 22×2.2 − 10×2.2×1.1, yaani 48 + 48.4 − 24.2 = 72.2 kNm. Endelea hadi C, kona ya juu kulia, shia inakuwa 38 kwenda chini, sawasawa na riaksheni ya D, momenti inarudi sifuri. Zisipofunga hivyo usiendelee kuchora, rudi kona B kwanza.

Kitu kingine, mchoro wa momenti mi nauchora upande unaovutwa, maana nondo zinakaa huko. Hapa ni chini ya bimu na upande wa ndani wa nguzo ya kushoto. Na kona B inavutwa kwa ndani, sa kama ni zege usimwache fundi akunje nondo za ndani zifuate tu kona, zikivutwa zitataka kunyooka na zitabandua zege, zivushe kila moja ipite hadi upande wa pili wa kona ndo ikunjwe huko.