Nati ya habu siyo nati ya rimu, madogo

Jana nimekaa juu ya tairi bovu nikashika kichwa. Kipanya, kile kidaladala cha Hiace, kipo kwenye jeki, habu ya mbele (kitovu cha gurudumu) imesharudishwa, na dogo kachomeka bomba kwenye mpini wa spana, anaivuta nati ya beringi, zile rola zinazozungushia gurudumu, kwa mwili mzima. Unafanya nini? "Nakaza, kaka, isicheze." Maneno yaleyale niliyowahi kusema mimi. Sikilizeni basi, sirudii.

1. Shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha ni beringi. Usipoisha, kaangalie boljointi, kile kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika mguu wa gari.

2. Mngurumo ukizidi gari likikata kushoto, anza na beringi ya kulia. Uzito umelalia huko.

3. Beringi mpya na kikombe chake kipya, ile pete ya chuma inayogongwa ndani ya habu, usichanganye. Cha zamani usikitupe, ndicho cha kugongea kipya, ila kisage kwanza pembeni. Mimi viwili vilininasia ndani ya habu ndipo nikajua.

4. Grisi ishindilie kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Gari lililovuka maji pale Jangwani, Dar, wakati wa masika, fungua hata kama halilii. Utakuta grisi imekuwa chai ya maziwa.

5. Nati. Mwaka wangu wa pili gereji nilifunga habu ya kushoto ya kipanya cha Mbagala. Nikakaza kama nafunga rimu, kota pini, kile kipini cha kuzuia nati isifunguke, nikarudisha ileile, nikashusha jeki huku najiona. Hata kuzungusha habu kwa mkono sikuzungusha. Ningezungusha, ingenigomea palepale. Saa nzima haijaisha, simu. Dereva anaongea, nyuma yake abiria wanadai nauli zao. Nafika Mtoni, konda anamwagia habu maji ya chupa, inachemka kama sufuria ya maharage. Kufungua: grisi imekuwa lami, rola zimegeuka bluu kama mjusi, na beringi ya ndani imeng'ang'ania kwenye ekseli mpaka tukaikata kwa tindo. Dereva hata hakunitukana. Alinitajia tu hesabu ya siku ile, nikailipa kidogo kidogo kwa wiki tatu, na chai nikawa nakunywa kavu.

Kwa hiyo: kaza huku unazungusha habu, beringi zikae. Legeza. Rudisha kwa vidole mpaka tundu la ekseli likutane na pengo la nati, pini ipite. Izunguke laini, isicheze. Kota pini mpya, jamani, bei ya peremende!

6. Hiace za umbo jipya habu inakuja na beringi yake ndani. Hiyo haina cha kurekebisha, badilisha nzima.

Yule dogo nimemfungulisha upya, safari hii bila bomba. Kati ya kazi, dereva mmoja akapita barabarani akanipigia honi: "Fundi Moshi!" Dogo akacheka, akaniuliza Kilimanjaro narudi lini.