Kabla hujamnunulia binti Life is Strange

Dada wa Nkuhungu, umeuliza kama gemu hii inamfaa binti yako wa miaka 14, maana wahakiki wengine wanaisifu na wengine wanailaumu. Sifa ni za haki: urafiki wa Max na Chloe, wasichana wawili wahusika wakuu, umeandikwa kwa moyo, na mwaka 2016 hadithi ya gemu ilipata tuzo ya BAFTA ya Uingereza. Lawama kwamba midomo ya wahusika haiendani na maneno zisikusumbue. Mimi nahofia sehemu ya pili kati ya sehemu tano za gemu: msichana anadhalilishwa shuleni hadi anataka kujiua. Marekani wameipangia miaka 17 na kuendelea. Sehemu ya kwanza ni ya bure, ila ni nzito kwa bando. Ipakue usiku, uicheze wewe kwanza. Binti asubiri kidogo, tafadhali.