Nyumba nzima kumeza dawa ya minyoo siku moja: nani ameze, nani asubiri

Dada mleta mada, nimepitia swali lako na majibu ya wadau waliotangulia. Nusu wanakwambia "meza tu, dawa ya minyoo haina shida", nusu wanakutisha. Nirudie ulichouliza ili anayeingia sasa hivi asipotee. Binti yako wa miaka minne anasaga meno usiku na kujikuna makalioni. Umemnunulia albendazoli mara tatu ndani ya miezi miwili, kila mara duka tofauti. Anatulia siku chache, kisha inarudi palepale. Muuza duka wa mwisho kakwambia nyumba nzima mmeze siku moja, tena muongezee na prazikwanteli "kusafisha kabisa". Nyumbani kwako kuna wewe na mumeo, huyo binti, kichanga wa miezi tisa, mdogo wako mwenye mimba ya miezi miwili, na shemeji yako kutoka Mbulu anayetumia dawa za kifafa.

Mimi ni muuguzi. Nimekaa sana dirisha la dawa kwenye zahanati huku Kanda ya Ziwa, na sasa nina duka la dawa mtaani. Huyo muuza duka amepatia nusu. Kutibiwa nyumba nzima siku moja ni sahihi kwa aina ya minyoo ninayoihisi kwa binti yako. Ila kwenye hiyo nyumba kuna watu watatu wasiopaswa kumeza pamoja nanyi, na prazikwanteli hapo haihusiki.

Tuanze na mtoto. Kusaga meno kusikutie wasiwasi, wapo watoto chungu nzima wanaosaga meno na tumboni hawana mnyoo hata mmoja. Hata udenda kwenye mto na mabaka meupe usoni, ambavyo bibi zetu walivihesabu kuwa ni minyoo moja kwa moja, havithibitishi kitu. Kilichonishtua kwenye maelezo yako ni kujikuna usiku. Kuna minyoo midogo myeupe kama uzi wa kushonea, ambayo majike yake hutoka nje usiku kutaga mayai kwenye ngozi pembeni ya njia ya haja kubwa. Hapo ndipo muwasho unapotoka.

Leo mtoto akishakuwa usingizini kwa muda wa saa moja au mbili hivi, washa tochi ya simu, mlaze ubavu, mfunue makalio taratibu uangalie. Kama wapo utawaona wakijongea, urefu wao haufiki hata sentimita moja na nusu. Ukiwaona, jibu umeshapata. Usipowaona, asubuhi kabla hajanawa wala kwenda chooni, chukua kipande cha selotepu inayoonyesha, kibandike na kukibandua pembeni ya njia ya haja kubwa, kisha kipeleke maabara wakakiangalie kwenye hadubini. Nasisitiza selotepu kwa sababu kipimo cha kawaida cha choo kikubwa huwakosa hawa mara nyingi. Mama anarudi na karatasi imeandikwa hakuna minyoo, mtoto anaendelea kujikuna, na lawama zinaenda kwa mchawi au kwa sabuni.

Sasa kwa nini inarudi wakati dawa ameshameza mara tatu? Albendazoli inaua minyoo yenyewe, mayai hayaui vizuri. Mtoto anajikuna, mayai yanaingia kwenye kucha, anakula mkate, anayameza upya. Mengine yako kwenye shuka, nguo za ndani, na kwa mwenzake anayelala naye. Ndiyo maana kwa minyoo hii dozi ya pili inatolewa baada ya wiki mbili, ili kuwakamata waliokuwa mayai mara ya kwanza, na wanaoishi pamoja wanatibiwa siku hiyohiyo hata kama hawajikuni. Wewe umempa yeye peke yake, bila ratiba. Dawa haikuwa feki, mpangilio ndio haukuwepo.

Dozi ni hii. Kuanzia miaka miwili hadi mtu mzima ni miligramu 400, mara moja. Mtoto wa mwaka mmoja ambaye hajafikisha miwili anapewa 200, nusu ya hiyo. Ukinunua ya maji, soma chupa kabla ya kumimina, maana nguvu zake hazilingani: kuna ambayo mililita 5 zina miligramu 200, kuna ambayo mililita 5 zina miligramu 100. Mzazi aliyezoea chupa moja akipewa nyingine, anatoa nusu dozi au dozi mara mbili bila kujua. Na kataa kabisa dawa inayochotwa kwenye kopo na kufungwa kwenye karatasi isiyo na jina, nguvu wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Una haki ya kuona kopo lenyewe.

Kuna jambo moja watu wanalipuuza na linaua: kumkaba mtoto. Nimeona mama amemlaza mwanawe chali mapajani, amembana pua, kidonge kizima kinasukumwa kwa kidole huku mtoto analia. Kidonge kinaweza kuingia njia ya hewa, na Shirika la Afya Duniani limelionya hilo wazi kwenye ugawaji wa dawa za minyoo kwa watoto wadogo. Mtoto mdogo msagie. Weka kidonge katikati ya vijiko viwili, bana mpaka kiwe unga, tia maji safi kidogo, mpe akiwa ameketi. Akilia, acha. Mbembeleze, umpe akishatulia. Hata kama ni kesho, hakuna kilichoharibika.

Haya, wale watatu wa kusubiri.

Kichanga wa miezi tisa asipewe dawa ya dukani. Hata ile kampeni ya serikali ya matone ya vitamini A, inayofanyika mwezi wa sita na wa kumi na mbili, dawa ya minyoo inaanza kutolewa mtoto akifikisha mwaka. Ukimwona na dalili mpeleke kliniki, mhudumu aamue. Nyumbani kata kucha zake na za dada yake, basi.

Mdogo wako mwenye mimba ya miezi miwili asimeze. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo viungo vya mtoto vinaumbwa, na dawa za kundi hili haziruhusiwi kipindi hicho. Mimba ikivuka hapo, kliniki ya wajawazito wenyewe watampa dawa ya minyoo pamoja na vidonge vya kuongeza damu, na asiikwepe siku hiyo ikifika, kwa sababu safura kwa mjamzito ni balaa. Minyoo ya safura inang'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu kila siku, na mama anafika kujifungua akiwa mweupe kama karatasi. Na wewe mwenyewe, kama una mpango wa kubeba mimba au hujaona siku zako, pima kwanza. Baada ya kumeza albendazoli, jikinge usishike mimba kwa mwezi mmoja.

Wa tatu ni shemeji, na huyu ndiye aliyenifanya niandike marefu hivi. Mbulu, mkoani Manyara, ni mojawapo ya maeneo ya Tanzania ambako tegu wa nguruwe anafahamika miaka mingi. Kula kitimoto ambacho hakijaiva kunakupa tegu wa tumboni. Kumeza mayai ya tegu huyo, kutoka kwenye mikono au mboga zilizochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye tegu, kunaweza kupeleka vifuko vya mabuu hadi kwenye ubongo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kifafa cha ukubwani. Kwa hiyo anaweza kuwa navyo hata mtu asiyekula nguruwe. Sasa prazikwanteli au albendazoli ikivifikia vile vifuko, vinakufa, ubongo unavimba kuvizunguka, na mtu anaweza kupata degedege mfululizo. Hospitali wanaowatibu wagonjwa wa namna hii huanza na picha ya kichwa, wanampa dawa ya kutuliza uvimbe, na wanakuwa naye karibu. Kumezeshwa sebuleni na familia ni jambo jingine kabisa. Sisemi kifafa chake ndicho hicho, kinaweza kuwa na chanzo tofauti. Nasema daktari wake aulizwe kwanza. Isitoshe, dawa za kifafa kama fenitoini, kabamazepini na fenobabito zinapunguza nguvu ya hizi dawa za minyoo mwilini, kwa hiyo dozi yake si ya kukisia.

Prazikwanteli nayo. Ni dawa nzuri sana, mahali pake ni kichocho na tegu. Hao wa binti yako haiwagusi. Kwa kichocho dozi yake inafuata uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, na mashuleni huku kwetu wanampima mtoto urefu kwa fimbo maalumu ili kujua vidonge vingapi. Ni michungu, na akimeza na njaa atapata kizunguzungu na kutapika, ndiyo maana watoto wanaambiwa wale kwanza. Mtu mzima akishameza asiendeshe gari wala bodaboda siku hiyo na kesho yake. Na anayetumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini haipewi pamoja, inamezwa bure. Kama unaishi pembezoni mwa ziwa, mnaoga na kufulia humo, nenda ukapime kichocho kwa sababu hiyo. Usiipachike kwenye minyoo ya mtoto.

Mdau mmoja hapo juu kashauri dawa ya ng'ombe, eti ni ileile ila bei nafuu. Mteja wa aina yake nimewahi kumpata. Aliingia dukani kwangu na chupa ya albendazoli ya mifugo, imebaki robo, akitaka nimwambie vijiko vingapi. Kwenye lebo dozi imeandikwa kwa kilo za mnyama, dawa imetengenezwa kwa viwango vya mifugo, na hakuna aliyepima usalama wa vile vimiminika vingine vilivyomo kwa binadamu. Nilimuuliza kidonge cha watu anajua bei yake? Hakujua. Nilipomtajia akacheka mwenyewe, maana nauli ya bodaboda iliyomleta ilikuwa inazidi. Mafuta ya taa sitaki hata kuyajadili: yakiingia mapafuni mtoto anapata nimonia ya sumu.

Kuna kundi jingine la kuwa makini nalo, wale wanaomeza deksamethasoni kienyeji ili wanenepe. Kuna minyoo inaitwa strongiloidi, inakaa mwilini miaka bila kelele. Kinga ikishushwa na dawa hizo inazaliana bila breki na kusambaa mwilini, na inaua. Dozi moja ya albendazoli haiitoshi hiyo. Na kama uko kwenye Flagyl kwa sababu ya amiba, mwambie muuza dawa kabla hajakupa mebendazoli, dawa nyingine ya minyoo. Kuzitumia pamoja kumehusishwa na ule mzio mbaya wa ngozi kubabuka.

Baada ya kumeza, tumbo kusokota kidogo, kichefuchefu na kichwa kuuma ni kawaida na huisha chenyewe. Haihitajiki kufunga kula, wala haluli ya kuharisha kesho yake. Ukiona minyoo imetoka chooni usiogope. Lakini mtoto ambaye tumbo limevimba na kuwa gumu, anatapika, hapati choo wala kujamba, huyo asipewe dawa yoyote ya minyoo. Ile mikubwa ya mviringo ikiwa mingi hujisokota kama fundo na kuziba utumbo. Huyo ni wa hospitali, usiku huohuo. Vivyo hivyo anayevimba uso, kupata malengelenge au degedege baada ya dawa.

Kwa hiyo kwako ingekuwa hivi: binti, wewe kama si mjamzito, na mumeo, mnameza miligramu 400 siku moja, mnarudia baada ya wiki mbili. Asubuhi ya siku ya dozi, zote mbili, vua shuka na nguo za ndani, fua kwa maji ya moto, anika juani. Usizikung'ute ndani, mayai yanaruka. Kucha fupi, mtoto alale na chupi, aamke anawe makalio kabla ya chai. Mikono kwa sabuni kila akitoka chooni, na hiyo iwahusu hata wale watatu wasiomeza.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama mmeze kila miezi mitatu kama ulivyosikia: mtu mzima asiye na dalili na asiye kwenye kazi za hatari kama kilimo cha peku au kuzoa maji taka, sioni sababu. Mtoto wa chini ya miaka mitano anapata ya kampeni mara mbili kwa mwaka, wa shule ya msingi anapewa shuleni, kwa hiyo uliza mwalimu au angalia kadi kabla hujanunua nyingine. Ukirudia wiki mbili zikapita na bado anajikuna, usiongeze dozi nyingine kwa kichwa chako. Nenda na selotepu.